Refa akishuka boti moja na wapinzani, nani atamwamini?

Msimu uliopita nilifuatana na timu yetu ya mji wa Lamu kwenda kucheza nusu fainali ya kombe moja katika kisiwa cha Pate. Tuliondoka asubuhi maji yakiwa yamejaa, kwani kila anayeijua njia ya Mkanda anajua kwamba maji yakipwa boti haipiti. Mle ndani tulikuwa wachezaji, kocha, sisi mashabiki kumi na kitu, mikoba ya jezi, na watu watatu waliokaa nyuma karibu na nahodha. Hao watatu walikuwa refa na wasaidizi wake wawili.

Hawakuwa na njia nyingine. Boti ilikuwa moja, imekodiwa na waandalizi kwa ajili ya timu, na marefa waliambiwa wapande humo humo. Njiani walikula mahamri yetu, wakanywa chai yetu, wakacheka mizaha yetu. Sikuona pesa ikitoka mkono huu kuingia mkono ule. Lakini tulipofika gatini, vijana wenyeji waliokuja kutulaki walisimama wakatazama nani anashuka. Mmoja akasema kwa sauti ya kusikika, "Kumbe mmekuja na refa wenu."

Kwangu mimi, mechi iliharibika pale gatini, kabla hata filimbi haijapulizwa.

Dakika za mwisho, tukiwa sare, wenyeji wakatia wavuni. Kibendera kikainuka: ameotea. Mimi nilikuwa upande wa pili wa uwanja na siwezi kuapa kama kweli aliotea. Wala wao hawakuweza kuapa. Ila wao walikuwa na ushahidi wao tangu asubuhi, nao ni ile boti. Uwanja ukavamiwa, refa akapokonywa filimbi, shati likachanwa, na kama si wazee kumtia katikati yao tungekuwa tunazungumza habari nyingine leo.

Wazee walimfikisha gatini, lakini maji yalikuwa yamepwa na boti imelala ubavu mchangani. Refa wa Nairobi akizongwa huingia garini akaondoka. Huyu wetu alikaa zaidi ya saa mbili kwenye ngazi za gati, mbele ya watu wale wale waliotaka kumpiga, akingoja bahari. Mama mmoja alimletea maji ya kunywa. Mwingine hakuna aliyemsemesha. Tuliondoka baada ya Isha, naye akarudi na boti ile ile, yaani yetu. Tangu siku hiyo hajashika filimbi tena.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu malalamiko kuhusu marefa yamejaa katika kila baraza, kuanzia Langoni hadi Kizingitini. Wengine husema marefa wetu ni vipofu, wengine husema wamenunuliwa. Sikatai kwamba makosa yapo, na mengine ni ya aibu. Ninachosema ni kwamba tunapiga kelele mahali pasipo. Shida kubwa ya refa wa visiwani ni mpangilio unaomfanya aonekane mtu wa upande mmoja hata akichezesha kwa haki.

Tuanze na macho, maana ndiyo yanayotukanwa sana. Jioni tunatazama Ligi ya Uingereza katika vibanda vya video, tunaona tukio moja likirudiwa kwa pembe sita, kisha kesho yake tunaingia uwanja wa Twaif tukitaka mshika kibendera mmoja aone yote hayo mara moja. Kazi yenyewe inamtaka atazame mguu unaopiga pasi, na papo hapo ajue mshambuliaji alisimama wapi akiwa umbali wa mita thelathini. Mara nyingine hilo haliwezekani kwa binadamu, na tukiongeza vumbi na jua la alasiri usoni, makosa lazima yatokee.

Hata mitambo haijayaondoa. Tarehe 30 Septemba 2023, Luis Díaz wa Liverpool alifunga bao halali dhidi ya Tottenham, likakataliwa. Waliokuwa kwenye chumba cha video walidhani refa ametoa bao, wakamjibu kwamba yuko sawa, mchezo ukaendelea. Huku kwetu, tarehe 5 Aprili 2024, mashabiki wa Yanga walilia pale shuti la Aziz Ki lilipogonga mwamba na kudunda karibu na mstari kule Pretoria dhidi ya Mamelodi Sundowns. Wengi waliona mpira umevuka. VAR ilikuwepo, bao halikutolewa, na Yanga wakatolewa kwa penalti katika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika.

Tofauti ni kile kinachofuata baada ya kosa. Kule Uingereza chombo kinachosimamia marefa kilikiri kosa siku ile ile, na baada ya siku chache sauti za mazungumzo ya wale waliokuwa kwenye video zikatolewa hadharani. Watu walikasirika, lakini walijua nani alikosea na alikosea vipi. Sisi refa akikosea hakuna ripoti inayosomwa, hakuna anayeeleza, hakuna anayeadhibiwa wala anayesafishwa. Pengo hilo hujazwa na uvumi, na uvumi daima huanza na swali moja: amelipwa na nani?

Wala mashabiki hawana wazimu kuuliza hivyo. Juni 2018, siku chache kabla ya Kombe la Dunia kuanza Urusi, refa msaidizi Mkenya Aden Marwa alijiondoa baada ya video ya wapelelezi wa mwanahabari Anas Aremeyaw Anas kumwonyesha akipokea dola 600. Baadaye CAF ilimfungia maisha. Mtu aliyekuwa amefika kilele cha kazi yake aliipoteza kwa pesa ambazo hazitoshi kununua mashine ya boti. Kisa kile kilituachia jeraha, na kila kibendera kinachoinuka vibaya hulitonesha.

Ila tusisahau upande wa pili. Mkenya mwenzake Peter Waweru, ambaye ni mhadhiri wa hisabati, amechezesha mechi za Kombe la Mataifa ya Afrika na kuheshimiwa. Marefa wazuri nchini wapo. Swali ni kama kijana wa Faza au Matondoni anayetaka kufuata njia hiyo atafika popote, ikiwa hatua yake ya kwanza ni kuchaniwa shati.

Tazama refa wetu anavyoishi siku ya mechi. Nauli yake iko mikononi mwa mwandalizi. Chakula chake hutoka kwa wenyeji au kwa wageni. Posho yake huahidiwa baada ya mechi, na mara nyingi hukatwa au huambiwa ngoja wiki ijayo. Na mechi ikiisha anarudi kuswali msikiti mmoja na wale aliowapa kadi nyekundu. Mkono mtupu haulambwi, wahenga walisema. Refa anayemtegemea mwenyeji kwa chakula na mgeni kwa usafiri hahitaji hata kupewa hongo ili ashukiwe.

Nina mapendekezo manne, na hakuna hata moja linalohitaji kamera.

La kwanza, marefa wasafiri peke yao au na mtu wa kamati, kamwe wasisafiri na timu. Boti ya pili ikishindikana, wapelekwe siku moja kabla na walale kwa mtu asiyehusika na timu yoyote.

La pili, posho ilipwe kabla ya mpira kuanza, mbele ya manahodha wote wawili, na kiasi chake kijulikane. Pesa inayolipwa hadharani haina uvumi.

La tatu, ratiba ya mechi ifuate jedwali la maji. Tunapanga harusi na safari za uvuvi kwa kutazama bamvua, iweje tushindwe na mpira? Mechi iishe wakati boti inaelea, ili mwenye hasira aende nyumbani na refa aende kwao.

La nne, semina ya sheria ifanyike kila msimu, na mlango uwe wazi kwa makocha na mashabiki. Sheria hubadilika. Tangu Julai 2025 kipa akikaa na mpira mikononi zaidi ya sekunde nane, wapinzani wanapewa kona. Kabla ya hapo ilikuwa sekunde sita na adhabu yake ilikuwa frikiki isiyo ya moja kwa moja. Nimemwona refa akitoa kona hiyo kwa usahihi kabisa, na uwanja mzima ukamcheka kwamba hajui kazi. Siku ile asiyejua alikuwa sisi.

Najua jibu litakalokuja: pesa hakuna. Sikubaliani nalo. Makombe hayapungui visiwani, na uchaguzi wa Agosti 2027 unavyokaribia yatazidi. Kila mwenye kutafuta kura ataleta jezi zenye picha yake, mipira, kikombe kinachong'aa na zawadi ya mshindi. Katika bajeti hizo refa ndiye mstari wa mwisho, kama yumo. Wanaotuletea makombe tuwaulize swali moja kabla ya kushangilia: marefa watasafiri na nini, na watalipwa lini? Akikosa jibu, hajaleta mashindano, ameleta ugomvi baina ya miji.

Nasi mashabiki tuna letu la kutubu. Siku ile botini nilijua kwamba haikuwa sawa marefa kukaa nasi, na nilinyamaza kwa sababu jambo lilikuwa na faida kwetu. Nahodha wetu alijua, kocha alijua. Lau mmoja wetu angesema pale kwenye ngazi za Lamu kwamba hawa watafutiwe chombo kingine, huenda shati la yule bwana lingerudi zima.

Ijumaa mbili zilizopita nilikwenda Twaif baada ya Alasiri kutazama mechi ya kirafiki. Timu zote zilikuwa zimevaa, mpira upo, watu wamejaa. Refa hakuwepo. Walioombwa walikataa, mmoja baada ya mwingine, na mwisho ami wa mchezaji mmoja akapewa filimbi. Dakika ya ishirini wakaanza kumzomea.