Nairobi na haki ya aendaye kwa miguu

Kila siku alfajiri, watu wengi hutoka Kawangware na Kangemi wakashika njia kwa miguu kuelekea Lavington, Kileleshwa na Westlands. Ni mayaya, mabawabu, waashi na wauzaji wa madukani. Hupita kando ya barabara za Gitanga na James Gichuru, mahali pengine wakikanyaga matope, pengine wakiruka mitaro. Watu hawa si wachache: zaidi ya asilimia 40 ya safari za jiji hili hufanywa kwa miguu. Ajabu ni kwamba mjadala wa sheria za ujenzi unapozuka, hao ndio wasiotajwa.

Mjadala wenyewe umekuwa juu ya urefu wa majumba. Mwongozo wa 2004 uliruhusu fleti zisizozidi ghorofa 4 katika Kilimani na Kileleshwa, tena penye bomba la majitaka tu. Leo majengo ya ghorofa 10 na zaidi yamesimama humo. Wakazi wa zamani wanalalamikia maji na majitaka, na wana haki. Wajenzi nao wanasema kwamba watu wanahitaji nyumba, na hawakukosea. Lakini pande zote mbili zimesahau jambo moja: mkazi wa fleti hizo atafikaje dukani, shuleni na kazini?

Ugonjwa huu una historia. Serikali ya kikoloni iliwatengea Wazungu vilima vya magharibi, vyenye viwanja vipana vya mtu mwenye gari, nao Waafrika wakasukumwa mashariki. Hata hivyo, katika miaka ya 1940 Kaloleni ilijengwa kwa fikira nyingine: nyumba ziliuzunguka uwanja wa wazi na ukumbi wa jamii, vyote mwendo mfupi kwa miguu. Basi jambo hili si geni kwetu.

Kilichobadilika magharibi ya jiji ni kimo tu. Bangaloo imebomolewa, fleti zimepanda, lakini ukuta wa mawe na lango la chuma vimebaki. Kanuni humtaka mjenzi atenge nafasi za magari. Gharama yake huishia katika bei ya nyumba, hata kwa asiye na gari.

Mnamo 2015 Kaunti ya Nairobi ilitoa sera iliyoahidi kutenga angalau asilimia 20 ya bajeti ya ujenzi wa barabara kwa waendao kwa miguu na kwa baiskeli. Ahadi hiyo na ifungamanishwe na kibali cha ujenzi. Atakaye kuongeza ghorofa aache njia ya miguu mbele ya kiwanja chake, afungue maduka chini, na atenge sehemu ya nyumba zake kwa wenye kipato kidogo, ili yaya asilazimike kulala mbali na anakofanya kazi. Bila masharti hayo, ghorofa zitaongeza msongamano wa magari, si ujirani.

Katika Kiswahili, mtaa si safu ya nyumba tu. Tunaposema fulani ni "wa mtaani kwetu", twamaanisha mtu tunayekutana naye njiani na kuamkiana. Pasipo njia, watu hawataamkiana. Na wasioamkiana, hata wakipangwa ghorofa 20, hawajafanya mtaa.