Walimu wa Mweru Wafunzwe Mweru

Katika jeshi lolote lenye kujiheshimu, ofisa mpya hakabidhiwi askari kisha akaachwa peke yake. Hata baada ya kuhitimu chuo cha kadeti na kuvishwa nyota mabegani, luteni huyo huwekwa katika platuni yenye sajini mkongwe. Kwa cheo sajini yu chini yake. Kwa kazi yeye ndiye mwalimu wake wa kweli. Humwonyesha lini apaze sauti na lini anyamaze, nani katika wale askari thelathini ni mgonjwa na nani anajifanya mgonjwa. Sisi tuliopita katika malezi hayo twajua kwamba chuo hutoa ofisa wa karatasi, na platuni ndiyo imkamilishayo.

Swali letu leo, ndugu msomaji, ni hili. Ikiwa hatari ya kumwachia kijana asiye na uzoefu askari wazima twaitambua kiasi hicho, kwa nini tuone ni jambo la kawaida kumkabidhi kijana mwenzake darasa zima la watoto siku ya kwanza anaposhuka kutoka kwenye lori, tena mahali asipopajua wala kujulikana?

Twaliuliza swali hili tukiutazama mwambao wa Ziwa Mweru. Nchelenge ni wilaya ya Mkoa wa Luapula, kaskazini mwa Zambia, kwenye ufuko wa mashariki wa ziwa ambalo nchi hiyo hugawana na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mto Luapula huingia ziwani kutoka kusini, na Mto Luvua hutoka kaskazini karibu na Pweto. Makao ya wilaya na mji wa wavuvi wa Kashikishi yamekaribiana mno, na mbele yao majini viko visiwa vya Kilwa na Isokwe, ambako mwalimu hufika kwa mashua pamoja na chaki na vitabu vyake. Kibemba ndicho lugha ya shule na ya soko. Hata hivyo Kiswahili cha Kongo huvuka ziwa kila siku pamoja na wachuuzi wa samaki. Mwaka 2017, mapigano yalipozuka upande wa pili katika eneo la Pweto, maelfu ya wananchi wa Kongo walikimbilia Nchelenge, na mwaka 2018 yakafunguliwa makazi ya Mantapala katika wilaya hiyo hiyo.

Sasa mfikirie mwalimu kijana aliyezaliwa na kusoma Lusaka, aliyehitimu vizuri chuoni, na ambaye barua ya kazi imempeleka ufukweni huko. Anakuta mambo ambayo hakuna mtihani uliopata kumwuliza. Sheria hufunga uvuvi tangu tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaliane. Shule hufunguliwa Januari, ziwa likiwa limefungwa. Mwezi Machi, katikati ya muhula wa kwanza, nyavu hurudi majini, na kijana mwenye nguvu za kuvuta kamba huanza kuhesabiwa miongoni mwa mikono ya nyumbani. Mwalimu asiyeijua kalenda ya ziwa atamwandika mtoto huyo mtoro na kumwadhibu. Mwalimu anayeijua atakwenda kuzungumza na mzee wake kabla ya Machi kufika.

Tena, Nchelenge inajulikana na wataalamu wa afya kuwa miongoni mwa mahali ambapo malaria imeshika mizizi zaidi nchini Zambia. Mtoto aliyelala darasani huenda si mvivu bali ana homa. Na mtoto wa Mantapala aliyekaa kimya huenda si mjinga. Yamkini anafikiri kwa Kiswahili huku mtaala wa mwaka 2014 uliagiza kwamba madarasa ya kwanza hadi la nne yafundishwe kwa lugha ya mahali, ambayo katika Luapula ni Kibemba. Kutambua tofauti baina ya uvivu na homa, na baina ya ujinga na ugeni wa lugha, ni elimu kubwa. Elimu hiyo haipatikani katika ukumbi wa mihadhara. Hupatikana kando ya mtu aliyekwisha kukosea na kujirekebisha mahali hapo hapo.

Hayo tuyasemayo si ndoto mpya, na Zambia yenyewe imekwisha kuyajaribu. Mwaka 2000 ilieneza katika vyuo vyake vya ualimu wa shule za msingi mpango uliojulikana kwa ufupi kuwa ZATEC. Mwanachuo alikaa chuoni mwaka mmoja, na mwaka wa pili akapelekwa shuleni kufundisha huku akiendelea kusoma. Sababu zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa nzuri: mwalimu ajifunze kazi kazini. Ya pili ilikuwa ya shida: walimu walikuwa hawatoshi, na gonjwa la UKIMWI lilikuwa likiwachukua wengi, hivyo nusu ya wanachuo wakiwa mashuleni, vyuo viliweza kupokea wengine mara mbili.

Tatizo ni kwamba sababu ya pili iliimeza ile ya kwanza. Mwanachuo alitakiwa awe na mwalimu mlezi wa kumwongoza. Katika shule nyingi za mashambani, mlezi huyo alikuwa na darasa lake mwenyewe la kushughulikia, au hakuandaliwa kwa kazi ya ulezi, na mkufunzi wa chuo alikuwa mbali, barabara mbovu na mafuta haba. Mwanafunzi wa ualimu akageuka mwalimu kamili pasipo cheti wala mshahara wa mwalimu. Mwishowe mpango ule uliachwa, na mafunzo yakarudishwa chuoni hadi kufikia diploma ya miaka mitatu. Kwa maoni yetu, kilichokosewa hakikuwa kumpeleka mwanachuo shuleni, bali kumwacha huko peke yake.

Tanzania nayo ina somo lake. Baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974, lililotaka watoto wote wa rika la shule wawe darasani ifikapo 1977, vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa kwa maelfu wafundishe vijijini huku wakisomea ualimu kwa muda wa miaka mitatu, kwa msaada wa waratibu, masomo kwa njia ya posta, redio, na kipindi kifupi chuoni. Zaidi ya 35,000 walihitimu kwa njia hiyo. Wapo waliowadharau kwa jina la “walimu wa UPE”. Sisi hatuwadharau hata kidogo, kwa kuwa bila wao madarasa mengi yasingefunguliwa. Walikuwa watu wa vijiji vile vile, wakaijua misimu ya kilimo na lugha ya nyumbani. Walichopungukiwa ni elimu ya msingi iliyo pana zaidi na mkono wa mkongwe darasani kila siku.

Tukitazama mbali zaidi, twaona miji mikubwa ya Marekani ilipofikia baada ya kuchoka kupoteza walimu wapya katika mitaa ya maskini. Chicago ilianza mwaka 2001 na Boston mwaka 2003. Utaratibu wao uliiga ule wa madaktari, ambao baada ya masomo hukaa hospitalini chini ya daktari mwandamizi. Mwanagenzi wa ualimu alikaa mwaka mzima wa masomo katika darasa la mwalimu mmoja mzoefu wa shule ya umma. Sehemu kubwa ya juma alikuwa darasani, na siku iliyosalia alisoma nadharia. Alipewa posho ya kujikimu, naye huko Boston akaahidi kuutumikia mji huo miaka mitatu. Jambo la kuzingatia ni hili: kwa mwaka ule darasa halikuwa lake. Alianza kwa kutazama, akafundisha somo moja, kisha mawili, hata akaweza siku nzima, na mwenye darasa yupo nyuma akiandika makosa.

Kuna tofauti kubwa kati ya mwanagenzi na kibarua. Kenya imetuonyesha tofauti hiyo waziwazi. Huko walimu tarajali waliajiriwa kwa mikataba ya mwaka mmoja na malipo madogo, ilhali wengi walikuwa wamekwisha kuhitimu na kusajiliwa, na walifundisha vipindi kama walimu kamili. Mwezi Aprili 2024 mahakama inayoshughulikia masuala ya ajira ilitamka kwamba kuwaajiri walimu waliohitimu kwa jina la tarajali ni kinyume cha katiba, na mwezi uliofuata walimu wa namna hiyo waligoma. Uanagenzi usio na mlezi si uanagenzi, ni kazi ya bei nafuu iliyovikwa joho la mafunzo.

Basi, tunapopendekeza kwamba Nchelenge na wilaya nyinginezo za mwambao zipewe mwaka wa uanagenzi wa ualimu, hatupendekezi kurudia yaliyoshindwa. Twataka masharti matatu yashikwe kwa pamoja, na likikosekana moja, afadhali mpango usianzishwe.

Sharti la kwanza ni mlezi. Mwalimu mkongwe atakayepokea mwanagenzi apunguziwe vipindi na aongezewe malipo, na kazi hiyo ihesabiwe katika kupandishwa cheo. Wako watakaouliza wakongwe hao watatoka wapi. Hawako kila shule, huo ni ukweli. Kwa hiyo wanagenzi waanzie katika shule kubwa za Nchelenge na Kashikishi, zenye walimu wenye miaka mingi kazini, na muhula wa mwisho wapelekwe wawili wawili visiwani pamoja na mlezi wao. Msingi wa kazi hii upo tayari. Tangu mwaka 2005 Zambia, kwa ushirikiano na Japani, ilianzisha katika Mkoa wa Kati utaratibu wa walimu kuandaa somo kwa pamoja, mmoja akafundisha, wenzake wakatazama, kisha wakalijadili bila kuoneana haya. Nao ukaenezwa katika mikoa mingine. Mwalimu aliyezoea kutazamwa na wenzake atajua pia kumtazama mwanagenzi.

Sharti la pili ni mtu mwenyewe. Wachaguliwe kwanza vijana wa mwambao. Katika shule za jamii, ambazo wananchi wa Zambia walianza kuzijenga kwa nguvu zao tangu miaka ya 1990, wamo watu wanaofundisha kwa kujitolea, kwa ujira mdogo au bila ujira, na bila cheti. Hao wamekwisha kuonyesha moyo. Wasaidiwe kutimiza sifa za kuingia chuo cha ualimu cha Mansa, halafu warudi kwa mwaka wa uanagenzi. Samaki mkunje angali mbichi. Na kijana wa ufukweni hana haja ya kufundishwa kulipenda ziwa. Miongoni mwa watu wa Mantapala nako watafutwe wenye kujua Kiswahili, Kifaransa na Kibemba, ili wamsaidie mwalimu kumwelewa mtoto aliyenyamaza.

Sharti la tatu ni ahadi ya pande mbili. Mwanagenzi aahidi kuitumikia wilaya miaka mitatu, na wilaya iahidi nyumba yenye mlango na paa, chandarua, usafiri wa mashua uliolipiwa, na mshahara unaofika kwa wakati. Posho ya mazingira magumu ni jambo jema, lakini posho haimshiki mtu anayelala darasani kwa kukosa nyumba. Mkono mtupu haulambwi. Jeshi halimpeleki askari mpakani bila hema na chakula kisha likashangaa akitoroka.

Twajua kuna hoja ya gharama, nayo ni nzito. Zambia iliondoa ada hadi darasa la kumi na mbili mwaka 2022, watoto wakafurika mashuleni, na mwaka huo huo Serikali ikaajiri walimu zaidi ya 30,000 kwa mkupuo. Lilikuwa tendo la kishujaa. Wengi wa walioajiriwa walikuwa wamekaa nyumbani miaka kadhaa baada ya kuhitimu, na kalamu hupata kutu kama bunduki isiyopakwa mafuta. Atakayesema kwamba hatuwezi kumudu mwaka mzima wa mtu asiyeshika darasa lake, ajiulize pia tunamudu vipi mwalimu anayeomba uhamisho baada ya miezi sita. Nauli yake imelipwa mara mbili, na watoto wamepoteza mwaka ambao hakuna hazina iwezayo kuurudisha.

Mwambao wa Mweru umezoea kupokea watumishi kama upokeavyo dhoruba: huja, hutikisa, huondoka. Wazazi wa Kashikishi na wa visiwani hawaombi walimu wa ajabu. Wanamtaka mwalimu ambaye Machi ikifika atajua mtoto yuko wapi, na ambaye mwaka ujao atakuwapo. Wizara inayohusika, vyuo na mabaraza ya wilaya wana uwezo wa kumtengeneza mtu huyo, nao waanze na shule chache, walezi wachache na wanagenzi wachache, wakiwasimamia barabara. Hesabu ya walimu walioajiriwa ni habari njema. Hesabu ya walimu waliobaki na kufundisha ndiyo tutakayoidai.