Mjamzito Msimnyime Maji

"Punguza maji, utapumzika na choo." Maneno haya mjamzito huambiwa na mama mkwe, wifi, hata jirani. Wanayasema kwa kumhurumia, lakini wanamdhuru.

Safari zake za chooni hazitokani na kunywa kupita kiasi. Damu mwilini mwake huongezeka kwa karibu nusu, na figo huanza kuchuja kwa kasi tangu wiki za mwanzo, tumbo halijaonekana. Mji wa mimba nao, ukiwa bado chini kwenye nyonga, hukikandamiza kibofu. Kufikia mwezi wa nne hupanda juu, wengi wakapata nafuu. Wiki za mwisho kichwa cha mtoto hushuka na adha hurudi. Hakuna hata moja kati ya haya linalozuiwa kwa kushinda na kiu.

Kiu humletea maradhi. Homoni za ujauzito hulegeza mirija itokayo kwenye figo, mkojo ukapita polepole, vijidudu vikapata nafasi ya kuzaliana. Asiyekunywa maji, na akaubana mkojo kutwa nzima, anavipa muda zaidi. Maambukizi yakifika kwenye figo huja homa kali na maumivu ya ubavuni, na mtoto anaweza kuzaliwa njiti. Choo kile alichokikwepa atakiendea maradufu, tena mkojo ukimchoma.

Nina ugomvi pia na wasemao, "Ndiyo mimba hiyo, vumilia." Mkojo unaochoma au wenye damu si wa kuvumilia. Kiu isiyokatika pamoja na mkojo mwingi yaweza kuwa dalili ya kisukari cha mimba. Wapo wenye vijidudu bila dalili yoyote, na ndiyo sababu ya kupimwa mkojo kliniki; mjamzito asipopimwa, aulize. Dawa asijinunulie kwa kukisia, maana baadhi ya antibiotiki hazimfai mjamzito.

Anayesumbuka usiku anywe vya kutosha mchana, apunguze saa mbili kabla ya kulala, na chai na kahawa asizinywe jioni.

Wako wengine wasiohitaji ushauri wa mtu ili waache maji. Muuza mboga sokoni haigusi chupa yake kwa sababu choo kiko mbali, kimefungwa, au kinalipiwa kila mara aingiapo. Enyi wenye maduka, ofisi na vyoo vya stendi: mjamzito akiomba choo, mfungulieni, wala msimtoze.