Mtoto Kusomea Nyumbani Sawa, Lakini Simu Ibaki Kwenye Pochi

Kuna mwigizaji mmoja wa filamu za Bongo, jina kapuni, ambaye tangu mwaka huu uanze kamtoa shule binti yake wa miaka 10 na anamfundisha mwenyewe nyumbani. Mjini maneno hayakukawia. Mara anaringa, mara kaishiwa ada, mara mtoto hashiki daftari, kila siku matembezini tu.

Hapo kwenye matembezi ndipo watu wanapomwonea. Ratiba ya nyumba ile iko wazi. Saa mbili asubuhi meza ya chakula inafutwa, hesabu na Kiswahili mpaka saa tano, baada ya hapo Kiingereza. Jumanne ndo siku ya kutoka. Wiki moja wanaenda Feri, binti anapewa elfu kumi na kuambiwa arudi na kitoweo pamoja na chenji. Pale lazima ajue changu ni yupi na kibua ni yupi, agawe bei ya fungu kwa idadi ya samaki, tena abishane bei na watu wazima bila kuwakosea adabu. Hiyo ni hesabu, sayansi na malezi kwa mpigo.

Wiki nyingine ni Makumbusho ya Taifa, kuliko na fuvu la Zinjanthropus, lile aliloligundua Mary Leakey kule Olduvai mwaka 1959. Au wanaenda Kijiji cha Makumbusho, barabara ya Bagamoyo, kuona nyumba za asili. Mtoto akiingia ndani ya msonge wa Kihaya halafu akaelezwa habari za tembe la Kigogo, anaelewa mwenyewe kwa nini Kagera kwenye mvua nyingi paa limechongoka, na Dodoma kwenye ukame paa ni la bapa. Wenzake wengi wanayakuta hayo ubaoni tu.

Kwa hiyo kosa la huyu dada si kutembea na mwanae. Kosa ni simu.

Hakuna Jumanne inayopita bila kupostiwa. Binti anaambiwa amshike tena samaki yule yule kwa sababu mwanga haukukaa vizuri. Anaambiwa aulize tena swali aliloshajibiwa, maana mara ya kwanza kamera haikuwa imewashwa. Juzi kati, kabla hajashuka kwenye gari, mtoto akauliza: "Mama, leo tunajifunza au tunarekodi?" Waliokuwepo wakacheka. Na lenyewe likapostiwa.

Jamani, lile halikuwa la kuchekesha. Mtoto wa shule akikosea hesabu, wanaojua ni mwalimu na wenzake darasani, na kesho wameshasahau. Huyu akikosea, anaonwa na mji mzima, na video haifutiki kwenye simu za watu. Mtoto anahitaji mahali pa kukosea bila kutazamwa. Kama nyumbani ndo shule, basi nyumbani pawe hapo mahali.

Yapo na mengine mawili ya kuangalia. La kwanza ni mtihani. NECTA ina utaratibu wa watahiniwa wa kujitegemea kwa kidato cha nne, na asiyepita njia ya kawaida ya sekondari anaanza na Mtihani wa Maarifa, maarufu QT. Njia ipo, ila haitaki kukurupuka, inatakiwa kupangwa mapema. La pili ni wenzake. Samaki wa Feri hawachezi rede. Jioni geti lifunguliwe, binti atoke akaruke kamba na watoto wa mtaani, agombane nao na wapatane wenyewe.

Na wale wanaomsema nao wajitazame. Wazazi wengi hawana nafasi ya kukaa na mtoto asubuhi nzima, hilo linaeleweka. Lakini Jumamosi ipo, na sokoni wanaenda. Ni wangapi wanamwachia mtoto ahesabu chenji mwenyewe?

Huyu dada ana kitu ambacho wazazi wengi wa mjini wanakililia: muda na mwanae. Asiugawe kwa watu asiowajua. Jumanne ijayo simu ibaki kwenye pochi, na binti akiuliza tena, ajibiwe kwa neno moja: tunajifunza.

Wadau, mnasemaje?