MITARO YA MJI MKONGWE

Kila masika yanapoingia, vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja hugeuka mito. Maji huteremka kutoka mapaani, hukosa njia, na huishia kubisha hodi majumbani mwa watu. Kwamba mitaro lazima itengenezwe, hilo halina ubishi. Tunalotaka kulizungumza leo ni namna ya kuitengeneza.

Nyumba za mji huu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Ukuta wa namna hiyo hunywa maji, kisha hukaushwa na hewa. Ukizungushiwa saruji, unyevu hufungika ndani na jengo hudhoofika pasipo mwenyewe kujua. Kadhalika, njia inayomwagiwa tabaka jipya juu ya la zamani hupanda kimo, mpaka kizingiti cha mlango kikawa chini yake. Hata baraza, ambazo watu huzipitia mvua inapofurika, hupoteza faida yake. Hapo tutakuwa tumeikausha barabara kwa kuirowesha nyumba.

Kwa hiyo tunashauri mambo matatu. Kwanza, tabaka la zamani liondolewe kabla ya kuwekwa jipya. Pili, mitaro iwe na mifuniko inayofunuka, ili isafishwe kabla ya mvua, si baada ya mafuriko. Tatu, vipimo vizingatie maji ya bamvua. Kwani bahari ikijaa, maji ya mvua hukosa pa kutokea.

Serikali ilikwisha kuonyesha nia yake kwa kuunda Mamlaka ya kuuhifadhi mji huu mwaka 1985, na mwaka 2000 UNESCO ikauingiza katika Urithi wa Dunia. Basi asiwepo mhandisi wa kuchimba kabla ya kushauriana na Mamlaka hiyo pamoja na masheha.

Nasi wananchi tusijitoe lawamani. Anayetupa taka mtaroni leo asiilaumu Serikali kesho. Dini yetu inatufunza kwamba kuondoa udhia njiani ni katika imani, seuze kuuweka!

Tarehe 25 Disemba, 2020 sehemu ya Beit el Ajaib iliporomoka na kupoteza roho za watu. Hatusemi kwamba mitaro ndiyo iliyoliangusha. Tunasema kwamba jumba la mawe halisamehi kupuuzwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na kuta hizi, zikianguka, hatuna wa kutujengea nyingine mfano wake.