Simu ya mtoto ina betri gani?

Simu ya mzazi ikichoka haitupwi. Hupelekwa kwa fundi, hubadilishwa betri, kisha hupewa mtoto ajisomee na kucheza gemu. Wiki za mwanzo kila mtu anafurahi. Kisha siku moja mama anatandika kitanda na kuikuta simu chini ya mto, imechomekwa kwenye chaja, mgongo umeinuka kama andazi. Mtoto alishaiona siku mbili nyuma, akanyamaza kwa kuogopa kuambiwa ameiharibu.

Kubadilisha betri si kosa. Betri za lithiamu huchakaa. Zikishachajiwa mara mia kadhaa, hazitunzi tena chaji kama zilipokuwa mpya. Wala si kila betri isiyotoka kwa mtengenezaji wa simu ni mbovu. Tatizo ni kwamba dukani, nzuri na feki huweza kuwa kwenye pakiti zinazofanana.

Ndani ya betri, pande mbili hutenganishwa na utando mwembamba wa plastiki. Utando ukitoboka, pande hizo hugusana, joto hupanda na betri inaweza kuwaka. Betri nzuri pia ina sakiti ndogo inayokata umeme chaji ikizidi. Kwenye betri feki, vitu hivyo vinaweza kuwa duni. Mwaka 2016 hata Samsung ililazimika kuziondoa sokoni simu zake za Galaxy Note 7 kwa sababu betri zilikuwa zikishika moto. Kama kampuni kubwa iliteleza, betri isiyo na jina la mtengenezaji ni ya kuangaliwa mara mbili.

Kwa fundi, mzazi aulize: betri hii ni ya modeli hii hasa? Ina dhamana ya muda gani, na imeandikwa kwenye risiti? Asome pia namba. Betri yenye ukubwa uleule lakini inayodai mAh nyingi mno kuliko ya awali inatia shaka.

Nyumbani, simu isichajiwe kitandani. Mto na godoro huzuia joto kutoka. Ichajiwe juu ya meza, watu wakiwa macho, na ichomolewe kabla ya kulala.

Dalili za hatari ni hizi:

- Kioo au mfuniko wa nyuma unanyanyuka.
- Simu inachemka hata isipotumika.
- Inazima ghafla ilhali inaonyesha chaji bado ipo.
- Inatoa harufu kali isiyo ya kawaida.

Betri ikivimba, simu izimwe na isichajiwe tena. Isibonyezwe ili irudi, isitobolewe, wala isitupwe kwenye takataka zinazochomwa moto. Iwekwe mbali na watoto na vitu vinavyoshika moto, kisha ipelekwe kwa fundi aitoe. Ikianza kutoa moshi, watu watoke chumbani kwanza, simu inanunulika.

Lililobaki ni la mzazi na mtoto. Siku anapokabidhiwa simu, aambiwe waziwazi: "Ikichemka au ikivimba, iache hapohapo, njoo uniambie. Sitakugombeza." Na siku akija kweli kusema, hata kama simu ndiyo imekufa, ahadi hiyo itimizwe.