Masalia ya Dawa katika Maziwa na Nyama: Tuanze na Kipimo Kilicho Karibu

Kila ninapozungumza na wananchi kuhusu vyakula vitokanavyo na mifugo, swali la kwanza huwa lilelile: "Mwalimu, hawa kuku wa kisasa wanaokomaa kwa wiki sita, si wamedungwa homoni?" Nami hujibu daima namna moja. Kuku wa nyama hakui upesi kwa homoni. Hukua upesi kwa sababu wazazi wake wameteuliwa kizazi baada ya kizazi, na kwa sababu hulishwa chakula kilichopimwa sawasawa. Homoni ya ukuaji ni protini. Ikitiwa katika chakula humeng'enywa tumboni kama protini nyingine yoyote, na kumdunga kila kuku sindano mara kwa mara kungemeza faida yote ya mfugaji. Wasikilizaji hunitazama kwa adabu, lakini wachache husadiki.

Hofu yenyewe si jambo baya. Kinachonisikitisha ni mahali ilipoelekezwa. Twamwogopa nyoka asiyekuwamo nyumbani, ilhali aliyemo twamlalia. Madhumuni ya makala haya ni kumwonyesha msomaji nyoka huyo, kueleza jinsi anavyoweza kutambuliwa, na kutoa rai juu ya mahali pa kuanzia.

Mnyama apewapo dawa, dawa hiyo haitoweki siku ileile. Huchukuliwa na damu, huvunjwa na ini, kisha hutolewa kidogo kidogo kwa mkojo, kinyesi na maziwa. Kabla kazi hiyo haijakwisha, kiasi fulani hubaki katika nyama, maini, figo, maziwa au mayai. Hayo ndiyo masalia. Kwa sababu hiyo kila dawa ya mifugo huandikiwa muda wa kusubiri: siku chache kwa maziwa ya ng'ombe aliyetibiwa kiwele kwa penisilini, na hata wiki kadhaa kwa nyama ya mnyama aliyedungwa oksitetrasaiklini ya kukaa mwilini muda mrefu. Dawa hii ya pili si ngeni kwetu. Hutumika sana dhidi ya ndigana baridi, na huambatana na chanjo ya ndigana kali iliyotokana na utafiti wa Muguga, nchini Kenya.

Kiasi kinachokubaliwa ni kidogo mno. Tume ya Codex Alimentarius, iliyo chini ya mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, imeweka kikomo cha penisilini katika maziwa kuwa mikrogramu 4 kwa kila kilo. Maana yake ni kwamba gramu moja tu ya penisilini, isiyojaza hata nusu ya kijiko cha chai, yatosha kufikisha tani 250 za maziwa kwenye kikomo hicho. Basi ile faraja ya kwamba maziwa ya ng'ombe mmoja mgonjwa "yatapotea" katika pipa la wengi si faraja. Wala kuchemsha si dawa: moto unaoua bakteria huacha sehemu kubwa ya penisilini kama ilivyo.

Mataifa mengine yalijifunza jambo hili kwa gharama. Mwaka 1938 wanakemia wa Uingereza walitengeneza stilbestroli, kitu kinachofanya kazi kama homoni ya kike. Kuanzia mwaka 1954 Wamarekani waliwalisha ng'ombe wapate kunenepa upesi. Mwaka 1971 madaktari wa Boston walitangaza kwamba wasichana ambao mama zao walipewa dawa hiyo wakati wa ujauzito walikuwa wakipatwa na saratani ya nadra sana ya uke. Hata hivyo, matumizi yake kwa mifugo ya Marekani hayakukomeshwa mpaka mwaka 1979. Mwaka 1980 ilipatikana nchini Italia katika chakula cha watoto wachanga kilichotengenezwa kwa nyama ya ndama. Jumuiya ya Ulaya ikaipiga marufuku mwaka uliofuata, na kabla ya muongo huo kwisha ikazuia homoni zote za kukuzia wanyama, ingawa Marekani huruhusu baadhi yake kwa ng'ombe hadi leo.

Je, sheria ilimaliza tatizo? La. Walanguzi walihamia kwenye klenbuteroli, dawa ya jamii ile inayotumiwa kupanua njia za hewa, ambayo hupunguza mafuta na kuongeza minofu. Mwaka 1990 watu 135 nchini Hispania walipatwa na mapigo ya moyo ya kasi na kutetemeka baada ya kula maini ya ng'ombe. Mwaka 1995 daktari wa mifugo Karel Van Noppen, aliyekuwa mkaguzi wa nyama nchini Ubelgiji, aliuawa kwa risasi kwa sababu ya kazi yake dhidi ya biashara ya homoni. Nilipokwenda nchi hiyo miaka mingi baadaye kusomea shahada ya udaktari wa falsafa, nilikuta jina lake lingali likitajwa kwa sauti ya chini katika maabara. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kupima mkojo wa ng'ombe si jambo la kemia peke yake.

Sasa kuna njia gani za kutambua masalia? Naweza kuzigawa katika ngazi tatu.

Ngazi ya kwanza hutumia viumbe hai wadogo. Bakteria fulani apendaye joto, ambaye huuawa upesi na penisilini, huwekwa katika kichupa chenye chakula chake na rangi ya zambarau. Matone machache ya maziwa hutiwa, na kichupa huwekwa katika joto la nyuzi 64 kwa muda wa saa tatu hivi. Bakteria akistawi hutoa asidi, na rangi hugeuka kuwa ya manjano: maziwa ni salama. Rangi ikibaki zambarau, kuna kitu kilichomzuia.

Ngazi ya pili hutumia kingamwili, yaani askari wa mwili waliofundishwa kumtambua adui mmoja tu. Njia hii ilianzishwa na Rosalyn Yalow na Solomon Berson huko New York katika miaka ya 1950 kwa ajili ya kupima insulini, nayo ikampatia Yalow Tuzo ya Nobel mwaka 1977. Kwa njia hiyo maabara yaweza kuchuja sampuli nyingi za mkojo kwa siku moja.

Ngazi ya tatu ni ya kuthibitisha. Hapo vitu vilivyomo katika sampuli hutenganishwa kwa kromatografia, kisha spektrometa ya masi huvunja molekuli na kupima uzito wa vipande vyake. Klenbuteroli huweza kupatikana hata katika nywele na macho ya mnyama muda mrefu baada ya mkojo kuwa safi. Homoni za asili ni ngumu zaidi, maana mwili wa mnyama huzitengeneza wenyewe. Hapo wataalamu hulinganisha kaboni 13 na kaboni 12, kwa kuwa homoni ya kiwandani aghalabu huwa na uwiano tofauti. Yafaa ikumbukwe kwamba ngazi mbili za kwanza hutoa shaka tu. Hukumu hutoka katika ngazi ya tatu. Mfugaji hastahili kuadhibiwa kwa sababu ya kichupa kilichobaki zambarau.

Niliporudi nyumbani nilitaka ngazi ya tatu tu. Nakiri bila kuona haya: maombi yangu yote ya fedha kwa muda wa miaka minne yalikuwa ya spektrometa. Aliyenibadilisha nia hakuwa profesa, bali kikundi cha akina mama wenye kituo cha maziwa katika nyanda za juu za kusini. Mtindi wao ulikuwa umekataa kuganda siku tatu mfululizo. Walibadilisha kimea, wakasugua madumu kwa maji ya moto, na minong'ono ikaanza juu ya mwenzao mmoja aliyedhaniwa kuwa na mkono mbaya. Niliwashauri wachukue maziwa ya kila mfugaji mbalimbali, wayachemshe, wayapoze, wayatie kimea kimoja, na kuyaweka mahali pamoja. Kesho yake vikombe vyote viliganda isipokuwa kimoja. Mwenye kikombe hicho alisema kweli bila kulazimishwa: ng'ombe wake alikuwa ametibiwa kiwele siku nne zilizopita. Aliyemuuzia dawa hakumwambia asubiri siku ngapi, na maandishi ya paketi yalikuwa ya lugha asiyoisoma.

Mama yule aliyenong'onwa aliondoka bila kusema neno. Na watoto waliokunywa yale maziwa mabichi siku tatu zile hawakuwa na kikombe cha kuwaonya.

Ndipo nilipofikia rai ninayoitoa leo. Tusingoje mashine kubwa. Kipimo cha kichupa kifanywe kuwa sharti katika kila kituo cha kukusanyia maziwa, na pasipo na kichupa, jaribio la mtindi lifundishwe kama tunavyofundisha kunawa mikono. Halitambui dawa zote, wala halisemi ni dawa gani, lakini hutambua ile inayotukabili kila siku. Kila duka la dawa za mifugo liandike muda wa kusubiri kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, juu ya kila dawa inayouzwa. Ng'ombe aliyetibiwa afungwe kitambaa chekundu mguuni ili hata mtoto anayekama ajue. Spektrometa nazo zitafutwe, lakini nchi za Afrika Mashariki ziweze kutumia kwa pamoja maabara chache zilizo bora, kuliko kila moja kuwa na mashine isiyo na vipuri.

Wapo wasemao kwamba haya ni mambo ya nchi zinazouza nyama ng'ambo. Nawauliza: Je, mtoto wa Iringa mwenye mzio wa penisilini ni wa thamani ndogo kuliko mnunuzi wa ng'ambo? Na bakteria wanaozoea dawa kwa kuonja kidogo kidogo kila siku, wataulizwa pasipoti?

Hoja nzito zaidi ni ya mfugaji mwenyewe. Mwenye ng'ombe mmoja akimwaga maziwa ya siku nne amemwaga ada ya mtoto. Tukimtaka awe mkweli bila kumsaidia, tunamfundisha kuficha. Kwa hiyo napendekeza vyama vya ushirika vitenge fungu dogo la kumlipa sehemu ya hasara mfugaji anayetangaza mapema kwamba ng'ombe wake ametibiwa, na adhabu ibaki kwa yule anayejua na kuficha. Gharama ya fungu hilo ni ndogo kuliko ya pipa zima la mtindi ulioharibika.

Sidai kwamba hili litatosha. Sehemu kubwa ya maziwa yetu haipiti katika vituo hata kidogo. Hutoka zizini moja kwa moja hadi mlangoni kwa baiskeli. Huko hakuna kichupa kitakachofika kwa urahisi, bali maandishi ya paketi na kitambaa chekundu vyaweza kufika. Hispania na Italia zilizinduliwa na wagonjwa. Sisi tumezinduliwa na mtindi uliokataa kuganda, nao ni mwalimu mpole. Tumsikilize angali mpole.